Ukuta wa Mzee Nusu

Shemeji yangu alikuwa mtu wa kubomoa kuta. Mwaka aliopandishwa cheo chuoni alileta mafundi wakaangusha ukuta uliotenganisha sebule na chumba kidogo cha Dada, alimokuwa akiweka sanduku lake, kiti chake cha kupumzikia na picha ya mama. Hakumuuliza. Dada alirudi kutoka sokoni akakuta vumbi limejaa mpaka kwenye sufuria. "Ulimwengu hauna kuta, bibie," alimwambia mkewe. "Sasa nyumba ya mtu anayefundisha ulimwengu itakuwaje nazo?" Dada akaweka kapu chini, akaanza kuokota vipande vya plasta. Sanduku likahamia chini ya kitanda chao, na picha ya mama ikaingia sandukuni.

Ndivyo ilivyopatikana ile sebule ndefu kama ghala, sakafu yake ya saruji nyekundu, ambamo kila Jumamosi wanafunzi walikuja kukaa kwenye viti vya kukunja na kumsikiliza. Chuoni alifundisha fizikia ya kwenye mitihani. Nyumbani alifundisha aliyoyapenda: kama nafasi, hii tunayopita ndani yake, inagawanyika bila kikomo au ina chembe ya mwisho isiyogawanyika tena, na kama ulimwengu una ukingo au hauna. Yeye alikwisha kuamua zamani. Juu hakuna mwisho, chini hakuna mwisho. Chukua urefu wowote, ukate nusu. Nusu hiyo nayo ina nusu yake, na hiyo ina yake, mpaka kiama. Wanafunzi walimpachika jina la Mzee Nusu wakidhani hajui. Alijua, na alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Mimi ni fundi cherehani, na sitaki mtu adhani nilimchukia kwa elimu yake. Huenda alikuwa sahihi. Mwisho wa ulimwengu siujui uliko, na hakuna aliyewahi kuniletea kitambaa cha kuushonea. Niliwahi kumwambia kwamba nguo ukiikata nusu kwa nusu mwishowe unabaki na uzi, basi. Alicheka mpaka akavua miwani. "Na uzi hauna nusu, shemeji? Kaa na sindano zako." Wanafunzi nao wakacheka. Hilo nililimeza. Nilichomchukia ni kwamba elimu yake aliishika kama fimbo, na mgongo ulikuwa wa dada yangu.

Alichora mstari mweupe kwenye sakafu, kutoka katikati ya sebule hadi ukuta wa mbali. Juu ya mstari aliweka alama: nusu ya njia, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya hiyo, zikizidi kubanana mpaka karibu na ukuta rangi ikawa doa moja. Halafu, wanafunzi wakishakaa, alimwita Dada aje na sinia la chai.

"Nenda nusu," alisema. Dada akaenda. "Simama. Nusu ya iliyobaki. Simama." Hivyo hivyo, vikombe vikigongana, mpaka vidole vya miguu ya Dada vikakaribia ukuta na yeye amesimama ameupa mgongo umati kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Je, amefika?"

"Bado!" wanafunzi wakaitikia kwa pamoja.

"Akitii hesabu, atafika lini?"

"Hafiki!"

Ndipo alipomwendea, akachukua kikombe chake juu ya sinia, akaonja. "Chai imepoa, bibie." Vicheko. Dada naye alicheka, kicheko cha meno matupu. Siku nilipoyaona hayo kwa macho yangu nilitoka nje, nikafungua bomba la maji, nikanawa uso.

Jioni moja alipokuwa na furaha Dada alimuuliza, kwa upole wake ule, "Mwalimu, kama ulimwengu hauna mwisho, mimi niko upande gani?"

"Katikati," alisema. "Pasipo na ukingo, kila mtu yuko katikati. Kwa hiyo huna haja ya kwenda popote."

Mama yetu hakumpenda tangu siku ya posa. Alipomsikia akieleza mambo yake yasiyo na mwisho alimwambia, "Mwanangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Akajibiwa kwamba hiyo ni sakafu ya mjusi, mama, si ulimwengu. Watu walicheka. Mama hakurudia, lakini hakusahau.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mama alipougua mara ya mwisho nilikuwa naye mimi. Simu ya nyumba ya Dada ilikaa mezani kwa shemeji, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Daktari alipotuambia tuwaite watu wake, nilipiga. Akapokea yeye. "Shemeji," nikasema, "mwambie Dada mama yuko karibu..." Neno lililofuata likanishinda. Lile neno, kwa mama mzazi, halitoki hivi hivi. Nikalia tu kwenye simu. Naye akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Nimesikia, shemeji. Pole sana." Angalieni hiyo pole. Mtu hapewi pole bure.

Akakata simu, akaenda jikoni. Wiki ile alikuwa akitarajia wageni wakubwa kutoka vyuo vingine, waje wakae sebuleni kwake wamsikilize, na nyumba ilihitaji mtu wa kupika na kupanga vitanda. Akamwambia Dada, "Mdogo wako kapiga simu. Mama yako anasema karibu."

Dada alifurahi. Alidhani ni mwaliko, kwamba mama kamkumbuka na anataka kumwona, wageni wakishaondoka. Akapika, akafua mashuka, akasimama kwenye alama nyeupe na sinia lake mbele ya mabingwa wa fizikia. Akatoka mara moja kwenda dukani, akamnunulia mama sweta ya rangi ya udongo, kwa sababu mama alikuwa mtu wa kuhisi baridi.

Na mama huku ananiuliza, "Dada yako yuko wapi?"

"Yuko karibu, mama," namwambia. Ningesema nini? Nilijua nimempigia. Nilijua atakuja. Kila akiuliza nilimjibu hivyo hivyo, naye akageuza macho mlangoni, mpaka macho yakabaki huko huko na mimi ndiye niliyeyafumba.

Dada alifika baadaye, anatabasamu, mfuko wa sweta mkononi. Alitukuta tunafagia uwanja na majirani wanachukua viti walivyotuazima msibani. Alitazama viti vile. Hakulia papo hapo. Aliuliza tu, "Kuna sherehe?"

Nilipomkabili shemeji nyumbani kwake hakubadilika hata uso. "Nilifikisha neno nililopewa. Karibu. Sikuongeza, sikupunguza. Kama mlitaka kusema kufa, mngesema kufa." Akavua miwani, akaifuta. "Na karibu ni umbali, shemeji. Kati ya karibu na kufa kuna nusu zisizo na idadi. Nani angejua kwamba angezimaliza zote upesi hivyo?" Dada alikuwa amesimama pale pale, akisikia. Alikunja sweta, akaitia sandukuni juu ya picha ya mama, akaenda kuwasha jiko. Nilimlaani shemeji kwa sauti, na Dada kimoyomoyo nikamwita mjinga. Huko kwa Dada nilikosea.

Kiharusi kilimkuta katikati ya somo, chaki mkononi, mbele ya wanafunzi wake. Wanasema alikuwa ametamka "nusu" na akaanguka kabla ya kutaja ya nini. Upande wa kushoto wote ukafa. Kwenye korido ya hospitali mwanafunzi mmoja alinong'ona kwamba Mungu naye amejifunza hesabu, kachukua nusu. Wenzake waliogopa kucheka. Mimi sikuogopa.

Tukamrudisha nyumbani. Mlango wa chumbani ulikuwa mwembamba, kitanda cha chuma chenye magurudumu tulichoazimwa hakikupita, kwa hiyo tukakiweka katikati ya sebule. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema hapo ndipo, na tuache nafasi pande zote ili tuweze kumgeuza. Nikahamia na cherehani yangu, nikaiweka dirishani. Wanafunzi walikuja Jumamosi ya kwanza na matunda. Jumamosi iliyofuata wakaja wachache. Kisha wakawa wanatuma salamu kwamba wako njiani, na mtu akisema yuko njiani kila mtu anajua bado anatafuta viatu.

Nilingoja Dada alipize. Hakulipiza. Alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko kidogo, akamgeuza kwa saa zake, hata kidonda kimoja cha mgongoni hakikutokea. Mtaalamu alimsifu, akasema wake wa namna hii wamekwisha. Kila alipotoka mle sebuleni kwenda jikoni alimwambia, "Nakuja," kama sisi sote tunavyosema tunapoondoka, na kweli akarudi. Nilianza kumwonea aibu kwa wema wake.

Kisha shemeji akaanza kuogopa sebule.

Ilianza kwa kuuliza ukuta umekwenda wapi. Tulimwonyesha, ule pale. Alisema si pale, umesogea. Alisema akifumba macho sakafu inatanuka pande zote, haishii, naye anaelea juu yake kama unyoya. Aliyewaambia watu miaka yote kwamba kila mtu yuko katikati alikuwa sasa yuko katikati kweli, na jasho lilimtoka mpaka mto ukalowa. Aliinua mkono wa kulia, ule mzima, akaunyoosha hewani, akatafuta kitu cha kugusa. Hakukuwa na kitu. Ukuta wa karibu aliubomoa mwenyewe.

"Nisogezeni ukutani," alisema. Maneno yalimtoka yamepinda, lakini yalieleweka. "Niuguse tu. Nikiugusa nitatulia."

"Sawa, Mwalimu," Dada akasema.

Akafungua breki za magurudumu, akasukuma. Kitanda kilikwenda taratibu juu ya saruji nyekundu, sambamba na mstari mweupe, na nilifurahi kwa niaba ya yule mtu, Mungu nisamehe. Magurudumu yalipofika kwenye alama ya kwanza Dada akasimama. Akakanyaga breki. Akamfunika shuka vizuri mpaka kifuani.

"Nusu," akamwambia.

Niliacha kukanyaga cherehani. Shemeji alimtazama Dada, akatazama chini kwenye alama, na jicho lake la kulia likapanuka. Alielewa kabla yangu. Mwalimu ni mwalimu.

Kesho yake Dada alimsukuma mpaka alama ya pili. Kesho kutwa, ya tatu. Kila siku baada ya kumwosha, bila hasira, bila neno la ziada. Uji ulikuwa wa moto vile vile, mashuka safi vile vile. Shemeji alilala amenyoosha mkono kuelekea ukutani, akiuliza, "Bado?" na Dada akimjibu kwa sauti ya upole kabisa, "Karibu, Mwalimu. Karibu."

Niseme kweli, nilipendezwa. Watu husema kisasi hakina ladha. Hao hawajaonja. Lakini ilinitisha pia, kwa sababu niliona dada yangu hakuwa mjinga hata siku moja. Alihudhuria masomo yote yale, amesimama na sinia, na hakuna mwanafunzi aliyeyashika kama yeye.

Alama zilipobanana, shemeji akaanza kubadili elimu yake.

"Nilikosea," alisema asubuhi moja Dada akimfuta mdomo. "Bibie, sikiliza. Haiwezi kugawanyika milele. Kuna hatua ndogo kuliko zote. Chini ya hiyo hakuna nusu. Ukifika hapo, kinachofuata ni kugusa."

"Kumbe."

"Na ulimwengu una ukingo. Lazima uwe nao. Mtu hawezi... mtu hawezi kuachwa mahali pasipo na ukingo."

"Hayo ungewaambia wanafunzi wako, Mwalimu."

"Waite! Waite nitawaambia wote!"

"Wako njiani," Dada akasema, akasuuza kitambaa.

Akalia. Nusu ya uso ililia, nusu nyingine ikabaki imenuna kama haimjui. Aliutupa msimamo wa maisha yake yote pale kitandani, aliowadhihaki nao watu, aliopandishiwa cheo, aliobomolea nyumba, kwa bei ya kugusa plasta kwa ncha ya kidole. Dada alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamsogeza nusu ya iliyobaki.

Siku ya mwisho ya mambo hayo alama zilikuwa zimekwisha, limebaki lile doa la rangi chini ya ukuta. Dada alikuwa amemwosha na kumnyoa ndevu. Shemeji hakuomba kusukumwa. Alisema, "Nilijua."

Dada alikuwa ameshika beseni. Hakuliweka chini.

"Ulijua nini?"

"Mdogo wako. Nilisikia analia. Nilijua karibu ni karibu gani." Alipumua kwa shida. "Wageni walikuwa wanakuja. Nikasema, nitakwambia wakishaondoka. Neno lilikuwa lile lile, bibie, nikaliacha lilivyo. Nisamehe. Nisamehe, unisogeze."

Miaka yote ile nilitaka kulisikia hilo. Nilidhani siku nikilisikia nitapumua. Sikupumua. Nilitazama mgongo wa Dada, na maji yaliyokuwa yakitikisika kwenye beseni.

Aliliweka dirishani, kando ya cherehani yangu. Akafungua breki, akasukuma kitanda kwa viganja vyote viwili, pole pole, mpaka magurudumu yakakanyaga doa. Akakanyaga breki, moja moja, zote. Shemeji akaupitisha mkono mzima juu ya kifua, maana ukuta ulikuwa upande wake uliokufa. Akavinyoosha vidole mpaka mishipa ikasimama. Kati ya ncha ya kidole chake na ukuta palibaki nafasi ya upindo wa gauni, si zaidi. Nafanya kazi hiyo kila siku, naijua kwa jicho.

Dada akanigeukia. "Amefika?"

Nilijua jibu analolitaka, na nilijua pia kwamba ningeweza kuinuka na kusukuma kidogo tu kwa nyonga. Nilimkumbuka mama na macho yake mlangoni.

"Bado," nikasema.

Dada akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesahihishiwa daftari. Akaingia chumbani, akatoka na sanduku lake. Alikuwa amevaa ile sweta ya rangi ya udongo, na jua la mchana lilikuwa kali nje. Akainama karibu na sikio la mumewe, lile linalosikia vizuri.

"Nakuja," akamwambia.

Kisha akaivuka sebule ile ndefu na kuufikia mlango kama watu wote wanavyofikia milango, kwa miguu, bila kusimama katikati. Akaufunga nyuma yake polepole, asimshtue mgonjwa.

Nilimpigia simu mdogo wake shemeji, nikamwambia kaka yake sasa ni wake, aje amchukue. Akasema yuko njiani. Nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na gauni la mteja la kumaliza. Nyuma yangu nilisikia kucha zikikwaruza hewa, maana hazikuwa na kingine cha kukwaruza.

"Shemeji," aliniita. "Nisukume. Kidogo tu."

"Kidogo nacho kina nusu yake, shemeji."

Mchana ulikuwa umeanza kulegea dirishani, na mtu alipita nje akipiga mluzi.

"Dada yako yuko wapi?" akauliza.

Mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio. Maneno yale yale, na kwa sauti ile ile ya mtu anayejitahidi asisumbue.

"Yuko karibu, shemeji," nikamjibu.

Akageuza macho mlangoni. Nilikata uzi kwa meno, nikaanza kushona mkono wa pili.